*Games* ilitoka 2011

La sheikh, unasema *Games*, ile hadithi ya katuni ya New Teen Titans, ilifia njiani bila kuchapwa; haikufia. DC, wachapishaji wa katuni wa Marekani, waliichapa 2011, kitabu kizima cha jalada gumu. Kazi ni ya wale wale walioanzisha mfululizo wa mashujaa hao barobaro 1980: Marv Wolfman kaandika, George Pérez kachora. Waliishika mwishoni mwa miaka ya 1980, Pérez akachora kurasa nyingi tu, kisha ikakwama, ikalala miaka mingi. Ndo maana wengi wakadhani imepotea.

Mie ninayo, nimeiokota kwenye vitabu vya mtumba Darajani. Jalada limeshaanza kuvimba kwa unyevu wetu huu, lakini kurasa zimo zote, na zile picha zake ndogondogo zilizobanana utataka miwani.

Ila usije ukailinganisha na Titans wa siku hizi. Nightwing, Cyborg, Starfire na Raven wamo kama walivyokuwa zama zile, mavazi na yote, na Nightwing keshaacha kuwa Robin, yule msaidizi wa Batman. Kama hujasoma yale ya mwanzo utababaika kidogo.