Saksafoni peke yake kwenye mkesha wa Krismasi

Bwana asifiwe, ndugu. Umeuliza kwa nini saksafoni yako ya tenori inagombana na kinanda kwenye "Usiku Mtakatifu" ilhali mnasoma kitabu kimoja. Tatizo si masikio yako. Tenori ni ya B flati: ukipiga C yako, inayosikika ni B flati. Kwa hiyo panda sauti moja nzima, yaani kama kutoka C hadi D. Kinanda kikiwa na doh (nota ya kwanza ya ngazi) F, doh yako ni G. Kwa anayesoma solfa (doh, re, mi) ni kuhamisha doh tu, basi.

Kwa mkesha, utakapopiga peke yako, baki hapo hapo kwenye G. Wimbo huu ni mpana, unavuka oktava moja (kutoka doh hadi doh ya juu). Kwa doh G, nota ya chini kabisa ni G na ya juu ni C, zote za starehe. Ukihamia doh C utaangukia C ya chini, na pale ukipuliza taratibu saksafoni hukoroma kama trekta. (Yamenikuta, watoto walicheka hadi mwisho.)

Ubeti wa kwanza piga melodi tupu. Wa pili, kwenye nota ndefu mwisho wa mstari, jaza kwa doh-mi-soh, maana hakuna kinanda cha kuziba pengo. Mapambo zaidi ya hayo mimi siyapendi kanisani. Pumzi vuta mahali mwimbaji angevuta: imba maneno kwanza, weka alama kwa penseli, ndipo ushike chombo.