Amepewa jina la babu. Je, amepewa na ngumi zake?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kwanza ana miaka saba, yuko darasa la kwanza hapa Pangani. Tulimpa jina la babu yake mzaa baba, marehemu fundi wa majahazi, aliyejulikana mji mzima kwa hasira. Wanasema aliwahi kumsukumia mtu mtoni kwa ajili ya deni. Na mtoto naye haipiti wiki hajapigana. Juzi kampasua mwenzake mdomo kwa jiwe, nikaitwa shuleni. Mama mkwe anacheka: "Mume wangu huyo karudi! Mwana wa nyoka ni nyoka." Mimi namchapa, hasikii. Jirani ananishauri tumbadilishe jina kabla hajakomaa. Mdogo wake wa kike, tumbo hilo hilo, hata sisimizi hamkanyagi. Tabia huja na jina, au ni damu?
Mama wa Wawili, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na jina, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Jina peke yake halimpi mtu ngumi. Ila jirani yako hakusema upuuzi, na nitakueleza kwa nini.

Waashanti wa Ghana humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa. Mvulana wa Jumatatu ni Kwadwo, na watu humtazamia awe mtulivu. Wa Jumatano ni Kwaku, na huyo husemwa tangu mchanga kwamba atakuwa mkorofi, mwepesi wa hasira. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichapisha alichokikuta kwenye kumbukumbu za mahakama ya watoto: akina Kwadwo walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na akina Kwaku wamezidi katika makosa ya kuwadhuru watu. Jumatano haina sumu yoyote. Jahoda aliona kwamba huenda ni matarajio ya watu yanayofanya kazi, nami naamini hivyo kabisa. Mtoto anayeambiwa kila siku yeye ni mtu wa namna gani, mwisho hujifunza kuwa mtu huyo.

Nimeliona hili kwetu. Mimi ni somo yake bibi yangu, mwanamke aliyekuwa hodari wa kusema mbele za watu. Wageni wakija, mama aliniita: "Njoo, somo yake bibi, waamkie wageni, uwaimbie." Nilikuwa na miaka sita. Niliogopa, nikaimba, wakanipigia makofi. Safari ya pili woga ukapungua. Dada yangu alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu, lakini sikumbuki hata siku moja aliyoitwa. Leo mimi ndiye msemaji wa ukoo na yeye ndiye mkimya, na watu husema tulizaliwa hivyo. Jambo hili huniuma hadi leo.

Sasa damu. Ipo, sitakudanganya. Mtoto huzaliwa na hulka yake: wengine huwaka upesi, wengine hupoa upesi. Alexander Thomas na Stella Chess, mtu na mkewe, madaktari wa akili huko New York, walianza mwaka 1956 kufuatilia watoto tangu uchanga, wakafika watoto 133. Karibu mmoja katika kila kumi alikuwa mgumu toka mwanzo: halali wala hali kwa mpangilio, analia kwa nguvu, anakikataa kila kigeni. Lakini si wote waliokuja kuwa na matatizo. Ilitegemea sana kama malezi yaliendana na hulka ile au yalipambana nayo. Na usishangae kwamba binti yako ni mpole. Kila mimba huchanganya upya mirathi ya baba na mama, hata tumbo likiwa moja.

Kwa hiyo inawezekana mwanao amezaliwa na moto kidogo. Anayeuchochea ni nani? Akipiga, bibi anacheka na kumwita mume wangu. Kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni zawadi kubwa kuliko pipi. Halafu wewe unakuja na fimbo, na fimbo inamwambia kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga. Acha kumchapa, mwanangu. Nakuomba. Akipigana, mtoe pale, mkalishe karibu yako mpaka pumzi itulie, ndipo mzungumze. Kisha mwende wote wawili kwa yule aliyepasuliwa mdomo, akaombe radhi kwa kinywa chake.

Mpe na kazi ya nyumbani, tena ile wanayosema ni ya wasichana. Hapa nina ushahidi wa jirani zetu Kenya. Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kijaluo, akachapisha matokeo mwaka 1973. Katika nyumba zisizo na binti wa kutosha, mvulana ndiye aliyelea mtoto, akapika, akateka maji. Waliofanya kazi za ndani walikuwa na ugomvi na ubabe mdogo kuliko wenzao, hata saa ambazo hawakuwa kazini. Anayembembeleza mchanga hulazimika kusoma uso wa mwingine, na kusubiri. Hilo hulipati kwa hotuba. Huyo mdogo wake awe mikononi mwake kila jioni, ukiwa jirani unaona.

Jina msilibadilishe. Mkilibadilisha mtamthibitishia kwamba lile la kwanza lilikuwa baya, na yeye pia.

Amebaki mama mkwe, na kwake uende kwa adabu, mkiwa wawili tu. Usimwambie kwamba anamharibu mtoto. Umesema marehemu alikuwa fundi wa majahazi. Mtu wa hasira tupu hawezi kukalafati chombo: kukaa chini ya mbao siku nzima, kushindilia pamba yenye mafuta kwenye kila mwanya, polepole, maana mwanya mmoja ukisahaulika watu watazama. Uvumilivu ule nao ulikuwa wake, na hakuna anayemsimulia mtoto. Muulize: "Mama, marehemu akikalafati jahazi, alikuwa akichukua siku ngapi? Alikuwa akifanyaje pamba ikikataa kuingia?" Kisha umwombe amsimulie mume wake mdogo habari hiyo jioni, naye akiwa amempakata mdogo wake.