Medicare ya "dola sifuri": kabla mama hajasaini

Ndugu, umeuliza iwapo mama yako, anayefikisha miaka 65 mwezi Februari, akubali Medicare Advantage, yaani Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee) inayoendeshwa na kampuni binafsi, kwa kuwa wakala kamwambia ni dola sifuri. Nakujibu kwa yaliyomkuta mzee wangu hapa Texas.

Hiyo sifuri ni ada ya kampuni tu. Ada ya Sehemu B, ile ya madaktari, anaendelea kuilipa serikalini. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Kampuni nayo hulipwa na serikali kwa kila kichwa inachosajili, ndiyo maana ikifika Oktoba simu hazikomi.

Mzee alivutwa na meno na miwani, maana Medicare ya kawaida, ile ya serikali yenyewe, haigusi hivyo. Miwani alipata, tena mizuri. Mwaka wa tatu goti likagoma. Daktari aliyemzoea hayumo kwenye orodha yao, na kipimo cha MRI mpaka kibali cha kampuni kitoke. Wiki tatu nilikuwa na simu sikioni nasikiliza muziki uleule, mzee kakaa kando, goti kalifunga kanga ya mama.

Tukaamua kumtoa. Kutoka si kazi: Januari 1 hadi Machi 31 unaruhusiwa kurudi Medicare ya kawaida. Kasheshe ni kwamba ile hulipa asilimia 80 ya bili za daktari, na 20 zinazobaki hazina kikomo, kwa hiyo watu hununua Medigap, bima ya nyongeza ya kampuni binafsi, kuziba pengo. Medigap haimkatai mgonjwa ndani ya miezi 6 tangu Sehemu B ianze, na aliyeingia Advantage moja kwa moja alipotimiza 65 ana miezi 12 ya kujaribu, akirudi ndani yake Medigap haimkatai. Baada ya hapo, majimbo mengi huruhusu kampuni ikuulize afya yako. Mzee ana sukari na presha. Barua ya kumkataa ilikuwa na mistari miwili. Yupo Advantage mpaka leo, na angalau kule anachotoa mfukoni kwa mwaka kina kikomo.

Halafu safari za nyumbani. Mama akiugua Tanga, Medicare ya kawaida hailipi. Medigap ya herufi G (aina zake hutajwa kwa herufi) hulipa asilimia 80 ya dharura ndani ya siku 60 za kwanza za safari, ukishatoa dola 250, mwisho dola 50,000 maisha yote. Advantage nyingine hulipa dharura, nyingine hazilipi. Ila akikaa huko zaidi ya miezi 6 wanamfuta.

Kabla ya kusaini wapigie SHIP wa jimbo lenu, ofisi ya kushauri watu wa Medicare. Ushauri ni bure na hawauzi kitu.

Mko jimbo gani lakini? Kama ni New York au Connecticut, Medigap hawakatai mtu wakati wowote, na ushauri wangu hapo ungebadilika.