Ukienda Tokyo kata tiketi mapema, alafu simu iweke mfukoni

Jumamosi iliyopita nimepamba sendofu moja hapa Moshi na tangu Jumapili asubuhi meseji hazikatiki, kila mtu anauliza yale maua ya mwanga nimeyatoa wapi. Kuna mdogo wangu mmoja wa Arusha, naye anapamba, kaniandikia, "Dada naenda Japani mwezi ujao, nielekeze ile makumbusho uliyokuwa unaiposti." Nikaona nimjibu hapa hapa, maana najua wengi wenu mmechoka na puto na satini kama nilivyochoka mimi.

Inaitwa teamLab Planets, ni makumbusho ya sanaa ya mwanga, iko Toyosu, Tokyo, imefunguliwa 2018. Unapanda treni ya Yurikamome, ile isiyo na dereva, unashuka Shin-Toyosu, ukitoka tu umefika. Mambo ya viza na ndege siyaelezi, mimi nilikaribishwa na mdogo wangu mwingine anayesoma kule.

Siku ya kwanza sikuingia. Nilidhani unafika getini unalipa unapita, kumbe tiketi zinakatwa kwenye mtandao na kila tiketi ina saa yake, na za siku ile zote zilikuwa zimeisha. Nilisimama pale nje na baridi la Novemba naangalia watu wanaingia, machozi yakanilenga jamani, kwa sababu hela ile nilidunduliza sendofu kwa sendofu. Kosa langu, sikuuliza. Kwa hiyo mdogo wangu kata tiketi ukiwa bado Arusha, na uangalie vizuri, bei inabadilika kulingana na siku na saa.

Siku ya pili nikaenda na tiketi ila nimevaa gauni langu refu la kitenge. Kule unavua viatu, unaviweka kwenye kabati, unatembea peku, na kuna chumba maji yanakufika magotini, alafu kuna vyumba chini ni vioo vitupu. Sasa gauni na kioo unajua yanavyokuwa. Wakaniazima kaptula bila neno na nikaendelea, lakini wewe vaa suruali inayokunjika mpaka juu ya goti.

Hicho chumba cha maji sasa. Ni giza, maji ni meupe kama maziwa, na ndani yake wanaogelea samaki wa mwanga, wale wa Kijapani wanaoitwa koi, samaki akikugonga mguuni anageuka maua anatawanyika. Nilidhani ni video inajirudia, yule mdogo wangu anayesoma kule akaniambia hapana, kompyuta inachora muda ule ule kwa kufuata watu wanavyotembea, kwa hiyo ulichokiona hakirudi tena hivyo hivyo. Mimi nilikuwa narekodi tu, yani nusu saa nzima nimeangalia simu. Mwishowe chaji ikaisha, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Nikaona kwamba ukuta sio kitu, kitambaa sio kitu, kinachobeba kazi yote ni giza. Sisi huku ukumbi unawashwa kila taa mpaka bibi harusi anang'aa jasho, alafu tunashangaa mapambo hayaonekani.

Kuna na bustani ya okidi hai zaidi ya 13,000, zimening'inia toka juu, ukisogea zinapanda zinakuachia nafasi, ukiondoka zinashuka. Pale nilikaa chini kabisa. Watu wanapita, mimi nimekaa nanusa.

Jioni nikatuma klipu kwenye grupu la familia. Shangazi yangu akajibu, "Umeenda mpaka Japani kukanyaga maji, ya mto Karanga hayakutosha?" Watu wakacheka, vile vikatuni vya machozi vikajaa. Sikujibu. Mpaka leo ile meseji ninayo.

Ndio maana nawaambia ninyi mnaofanya kazi za mikono, msiombe ruhusa ya kwenda kuangalia. Fundi wa magari akisafiri kwenda kuona injini hakuna anayemcheka, kwa nini mpambaji achekwe? Macho nayo ni mtaji, yalishe. Na tiketi kata mapema, narudia, mapema.

Kwenye sendofu nilikodi projekta mbili, nikatundika shifoni nyeupe tabaka tatu nyuma ya jukwaa, njia ya kuingilia nikapanga vioo. Yangu ilikuwa video ya kawaida, mitambo ya kufuata watu sina. Nikaomba taa zote zizimwe bibi harusi mtarajiwa akiingia. Mpiga video akakataa, anasema kamera haioni kitu, MC naye anasema wageni watadhani umeme umekatika, nikasimama pale pale kwenye swichi nikawaambia dakika nne tu, nipeni dakika nne. Zikazimwa. Ukumbi ukanyamaza kimya, alafu watoto wakatoka mbio kwenda kushika maua kwenye vioo.

Shangazi alikuwepo, meza ya tatu. Nilimwona amenyanyuka, kakunja khanga, kaingiza mkono kwenye mwanga anaugeuza geuza, ua linapita kiganjani. Alikaa hivyo mpaka taa zikawashwa. Hajaniambia kitu, na kwenye grupu hajaandika.