Wasomaji Wanauliza: Zombi Asiye na Haraka

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu ya filamu, nakusalimu. Mwezi uliopita kijana anayetuwekea filamu kwenye flashi pale Kariakoo alinipa filamu iitwayo Maggie, akaniambia ni ya zombi na kwamba mwigizaji wake mkuu ni Arnold Schwarzenegger. Jumamosi usiku tukakaa sebuleni, mume wangu, mashemeji zangu wawili na mimi, tukisubiri risasi. Ikapita karibu saa nzima. Shemeji mdogo akauliza vita inaanza saa ngapi, na mume wangu akapitiwa na usingizi kwenye kochi. Mimi niliitazama mpaka mwisho na nikalia, jambo ambalo mashemeji wananitania nalo hadi leo. Je, hii kweli ni filamu ya zombi? Na kwa nini yule baba, aliyejua fika kwamba mwanawe aliyeambukizwa atageuka zombi, hakumpeleka karantini wala hakummaliza mapema?
Mama wa watoto wawili, Tabata

JIBU: Dada yangu, waambie mashemeji wapunguze utani, kwa sababu kosa halikuwa lako wala lao, bali la sura iliyobandikwa kwenye jalada. Mtu aliyemfahamu Schwarzenegger kupitia Commando ya mwaka 1985 hawezi kulaumiwa kwa kusubiri bunduki. Lakini katika Maggie, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Henry Hobson, mzee huyo aliyekwisha kupita umri wa miaka 65 anaigiza mkulima wa Marekani aitwaye Wade, mwenye ndevu za mvi na maneno machache, ambaye kazi yake karibu yote ni kumchukua binti yake Maggie hospitalini, kumrudisha nyumbani na kukaa naye.

Ndiyo, ni filamu ya zombi. Maambukizi yamo, kung'atwa kumo, mashamba yanachomwa moto kwa hofu ya ugonjwa, na askari wanapita majumbani kuwafuatilia walioambukizwa. Kilichobadilishwa ni kitu kimoja tu, nacho ni muda. Katika Train to Busan ya Korea Kusini ya mwaka 2016, ambayo nina hakika mashemeji wameiona zaidi ya mara moja, aliyeng'atwa anainuka kabla aliye karibu naye hajamaliza kupiga kelele. Hobson ameuchukua muda huo mfupi na kuurefusha ukawa wiki kadhaa, na mtu ukishampa wiki kadhaa huwezi tena kumwita adui, kwa kuwa anaamka, anakula, ananuniana na mama yake wa kambo, na jioni anatoka kwenda kuota moto na rafiki zake. Amekuwa mgonjwa wa nyumbani, na nyumba yenye mgonjwa, kama unavyojua, huwa haina vita. Ina usiku mrefu tu.

Swali lako la pili ndilo zito. Daktari anayeifahamu familia anamweleza Wade kwamba njia ni tatu: ampeleke binti karantini, au amchome nyumbani dawa ile ile inayotumika huko, ambayo humuua mtu kwa maumivu makali, au ammalize haraka kwa mkono wake mwenyewe. Wade anasikiliza zote tatu na hachagui hata moja. Wapo watakaosema kwamba mwandishi wa hadithi ameshindwa kumwamulia mhusika wake, lakini mimi naona hapo ndipo filamu inaposema kweli, maana anayeuguza hachagui njia tatu za kesho, anafikiria uji wa asubuhi hii na kama utakaa tumboni.

Uniwie radhi nitoke kidogo kwenye filamu. Miaka ya 1990, nikiwa kijana Temeke, nyumbani kwetu tulimuuguza mjomba wangu, wakati ambapo ilikuwa imebaki miaka mingi kabla ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kuanza kutolewa bure nchini, jambo lililokuja mwaka 2004. Mjomba alikuwa na kikombe chake cha plastiki, cha kijani, kilichotundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa uani, mbali na vikombe vingine. Leo kila mtu anajua kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe, lakini wakati ule hapakuwa na aliyetamka kwa nini kikombe kile kilikaa peke yake, na hapakuwa na asiyejua. Bibi peke yake ndiye ambaye, kila alipompelekea mwanawe chai, alikinywea kwanza kikombe hicho hicho ili ahakikishe imepoa. Nilipomwona mama wa kambo wa Maggie akiwaondoa watoto wadogo na kuwapeleka kwa ndugu, na baba akabaki pale pale alipo binti, nilikikumbuka kikombe kile na msumari wake, na sikuhitaji kuelezwa tena kwa nini Wade hakuichukua bunduki.

Ndiyo maana pia sehemu ya kutisha kuliko zote katika filamu hii haina zombi anayekimbiza mtu. Maggie anaanguka kutoka kwenye bembea na kuvunjika kidole. Anaingia jikoni, anakiona kinatoa ute mweusi, anachukua kisu cha jikoni na kukikata. Damu si kitu hapo. Kinachotisha ni kwamba hakikumuuma, na yeye mwenyewe anaelewa papo hapo maana ya kutoumia.

Sisemi kwamba haina kasoro. Muziki wake unatusukuma kuhuzunika mahali ambapo tungehuzunika wenyewe, na mara kadhaa mwongozaji anadhani kila ukimya ni uzito, kumbe ukimya mwingine ni ukimya tu. Hapo mumeo ana haki ya usingizi wake. Mwisho siutaji, kwa kuwa wapo wasomaji ambao hawajaiona. Wewe unaujua, na unajua ni nani aliyeamua hatimaye.

SWALI: Shikamoo. Babu yangu anasema zombi ni msukule tu aliyevalishwa suruali na Wazungu. Wenzangu chuoni wananicheka nikiwaambia. Ni kweli?
Mwanafunzi, Ubungo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Babu yako yuko karibu na ukweli kuliko hao wenzako. Zombi wa awali hakutoka Marekani bali Haiti, na neno lenyewe wataalamu wengi wanalihusisha na lugha za eneo la Kongo, ambazo ni ndugu za Kiswahili. Katika imani ya Haiti, zombi hali nyama ya mtu. Ni mtu aliyezikwa, kisha akatolewa kaburini na mchawi ili amfanyie kazi bila akili na bila ujira, na hapo huhitaji kwenda mbali, maana ndivyo msukule anavyosimuliwa kwetu: watu wamelia, wamezika na kuanua tanga, kumbe mwenzao yuko katika shamba la mtu analima usiku. Ukikumbuka kwamba watu wa Haiti walikuwa watumwa katika mashamba ya miwa ya Wafaransa mpaka walipojikomboa na kutangaza uhuru mwaka 1804, utaelewa hofu yao ilikuwa nini. Hawakuogopa kuliwa na wafu, waliogopa kwamba hata kifo hakitawatoa shambani.

Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia mwaka 1915 hadi 1934, na katika kipindi hicho hicho habari za zombi zikavuka bahari, hasa kupitia kitabu cha William Seabrook cha mwaka 1929. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 bado ilikuwa na kumbukumbu ya asili hiyo: kuna sehemu ambapo wafu wanasukuma kinu cha miwa, mmoja anatumbukia ndani ya mashine, na wenzake wanaendelea kusukuma bila hata kugeuza shingo. Mwaka 1968 George Romero, katika Night of the Living Dead, ambayo haitamki neno zombi hata mara moja, aliwaondolea wafu bwana wao na kuwapa njaa. Filamu ile naiheshimu sana, lakini tangu hapo swali likawa namna ya kuwakimbia. Msukule hazui swali hilo. Katika masimulizi yetu daima yupo ndugu anayepita njiani, anamwona, na kusema huyu mbona ni mtoto wa fulani. Filamu za polepole za siku hizi, Maggie ikiwemo, zimemrudisha ndugu huyo barabarani, na ndiyo maana mtu wa Tabata anaweza kuzililia kuliko shemeji zake wanavyodhani.

SWALI: Nitajie filamu nyingine za namna hiyo, zisizo na kelele.
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Anza na Cargo ya Australia, ya mwaka 2017, ambamo baba aliyeng'atwa ana saa 48 za kumtafutia mtoto wake mchanga mtu wa kumlea. Handling the Undead ya Norway, ya mwaka 2024, ni nzito zaidi: babu anaufukua mwili wa mjukuu wake kwa mikono yake na kumrudisha kwa mama yake, na baada ya hapo karibu hakuna anayesema neno. Hizi usizitafute zilizotafsiriwa na DJ, kwa sababu DJ hulazimika kujaza kila ukimya, na ukimya ukijazwa hakuna kilichobaki cha kutazama.

Ya tatu wengine hawaihesabu kuwa ya zombi, nami naihesabu. Ni Atlantique ya Mati Diop, iliyopigwa Dakar, Senegal, na kupata Tuzo Kuu ya tamasha la Cannes mwaka 2019. Vijana waliojenga ghorofa bila kulipwa wanaondoka kwa mtumbwi kuelekea Hispania, wanafia baharini, kisha wanarudi usiku katika miili ya wasichana na kuketi sebuleni kwa tajiri, wakidai mishahara yao. Wanazungumza Kiwolofu, kwa hiyo hakikisha nakala yako ina maandishi ya tafsiri chini.