MRI ya mama imesoma "kawaida". Tumpige na PET?

Swali: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 68. Tangu mwaka jana anarudia swali lile lile kila baada ya dakika chache, na juzi alipotea akirudi kutoka soko analokwenda miaka yote. MRI ya kichwa imeandikwa "ubongo wa kawaida kwa umri wake". Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema PET, picha inayopigwa kwa dawa yenye mionzi, ndiyo inayoona Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, mapema. Tuuze kiwanja? – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba. Kiwanja kiacheni kwanza.

MRI haiuoni ugonjwa wenyewe, inaona ubongo uliokwisha kusinyaa. Mimi nikifungua picha za mtu anayesahau, naanzia kwenye hipokampasi, kipande kidogo cha kumbukumbu kilichojikunja ndani ya ubongo usawa wa sikio, kulia na kushoto. Ikiwa nzima, imejaa mahali pake. Ikisinyaa, maji yanachukua nafasi, na kwenye picha yanaonekana kama ufa mweusi pembeni yake. Tunaipa alama 0 (nzima) hadi 4 (imesinyaa sana), kwa kipimo cha Scheltens na wenzake wa Uholanzi cha mwaka 1992. Kwa mama wa miaka 68, alama 2 inatia shaka. Kwa bibi wa 80 nisingeshtuka.

Sasa, fomu ya kuombea kipimo iliandikwa nini? Kama ni "maumivu ya kichwa" tu, aliyesoma alitafuta damu na uvimbe, akaipita hipokampasi. Ombeni picha zisomwe upya, safari hii mkieleza habari ya soko.

PET ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer, ni kitu kingine. Mgonjwa anadungwa dawa yenye mionzi kidogo inayonata kwenye protini hiyo, ambayo huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kusahau. Dawa ya kwanza ilitoka Pittsburgh, ikajaribiwa kwa mgonjwa Uppsala, Sweden, mwaka 2002. Mionzi yake hupungua nusu kila dakika 20, kwa hiyo lazima itengenezwe pale pale hospitalini. Za siku hizi hustahimili kama dakika 110. PET mnazozisikia Nairobi na Dar kazi yake kubwa ni saratani, kwa sukari yenye mionzi. Sukari hiyo nayo huonyesha sehemu za ubongo zilizozembea, lakini amiloidi haionyeshi.

Na kaka aambiwe hili: wako wazee wengi wenye amiloidi tele na akili timamu. Jibu la "haipo" lina uzito kuliko la "ipo", maana Alzheimer bila amiloidi haiendi.

MRI yenu haikupotea bure. Imeonyesha kwamba hakuna damu iliyoganda chini ya fuvu, uvimbe wala maji kujaa kichwani. Vilivyobaki kuangaliwa ni vya bei nafuu: vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU, sonona, na dawa anazomeza, hasa za usingizi na mzio. Kisha apimwe kumbukumbu na daktari wa mishipa ya fahamu.

Mkienda, chukueni CD, si zile filamu za kuning'iniza. Filamu hubeba picha chache tu, na ya hipokampasi mara nyingi haimo.