Kamioni ikipita unaruka? Hauko na wazimu

Mdogo wangu, unasema tangu volkano ya 2021 kamioni ikipita usiku madirisha yakitetemeka we unaruka kitandani unatafuta watoto, na bwana yako anasema umeanza wazimu. Hapana bana. Mie nilikuwa hapa Goma tarehe 22 mwezi wa tano, lava ikafika kule Buhene, halafu matetemeko siku kwa siku mpaka wakasema tutoke, tukatembea na magodoro kichwani mpaka Sake. Mwili ulijifunza kwamba udongo ukitikisika ni kukimbia, sasa haujui tofauti ya Nyiragongo, ile volkano yetu, na kamioni ya Fuso.

Ikianza mie naweka miguu chini kwa simenti, ile baridi naisikia, napumua pole pole alafu natoa pumzi ndefu kuliko niliyoingiza, hiyo ndo inapunguza mbio za moyo, nasema kwa sauti: hii ni kamioni, ni leo, watoto wamelala. Bwana yangu alicheka, acha acheke. Pombe wacha, inakulaza kidogo alafu saa nane ya usiku uko macho.

Na usikimbie kamioni siku zote. Nilianza kukaa kando ya barabara na mama mmoja anayeuza makala (mkaa), dakika kidogo tu, ananipigia stori za moto wa volkano wa 2002, yeye alishajenga tena juu ya makoro, yale mawe ya lava.

Lakini kama miaka yote hii haulali, enda kituo cha afya uulize munganga wa mambo ya akili, si aibu. Mie bado nashituka, ila mwiko wa bugali siuangushi tena.